Aliyeomba bajeti ndogo: kisa cha mkuu wa usalama wa mifumo mjini Kampala

Taasisi yenyewe ni ya amana na mikopo. Makao yake yako Kampala, na ina matawi Jinja, Mbale, Busia, Arua, Mbarara na Kasese. Inasimamiwa na Benki Kuu ya Uganda kwa sheria ya 2003 ya taasisi ndogo zinazopokea amana, yaani inaruhusiwa kutunza pesa za watu lakini si benki ya kibiashara. Mhusika wetu alikuwa meneja wa usalama wa mifumo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye shahada ya kompyuta ya Makerere na vyeti vya usalama wa mifumo vya CISSP na CEH. Leo ni mjumbe wa kamati kuu ya menejimenti. Alikubali kisa kisimuliwe kwa sharti kwamba majina yasitajwe na tarakimu zisogezwe. Nimezisogeza, ila uwiano wake nimeuacha, kwa sababu kisa chote kimo ndani ya uwiano huo.

Jambo moja kuhusu lugha, maana litatufaa mbele. Mkurugenzi mtendaji ni Mkenya. Mkuu wa fedha ametoka Bukoba. Mhusika wetu mwenyewe ni mzaliwa wa Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo bei ya mahindi hutajwa kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Makaratasi ya bodi huandikwa kwa Kiingereza, lakini mambo mengi huamuliwa kwa Kiswahili kwenye korido, kabla kikao hakijaanza.

Usiku wa Jumamosi

Mteja akitaka kuhamisha pesa kutoka akaunti yake ya akiba kwenda kwenye simu, ombi lake hupitia kampuni ya kati iliyounganisha taasisi na makampuni mawili ya simu. Kampuni ya simu haisubiri kulipwa. Hutoa pesa papo hapo kutoka kwenye floti, yaani pesa ambazo taasisi imeziweka kwake mapema. Floti ikishuka chini ya shilingi milioni 30, mfumo huijaza wenyewe kwa milioni 50. Utaratibu huo ulibuniwa na watu wa biashara baada ya wateja kulalamika kwamba mwisho wa wiki pesa hazitoki. Ulikuwa utaratibu mzuri, na malalamiko yaliisha.

Jumamosi moja ya mwaka 2023, kuanzia saa nne usiku, maombi ya uongo yalianza kumiminika kupitia mfumo wa ile kampuni ya kati. Hakuna akaunti ya mteja iliyokatwa hata senti. Kwa upande wa simu, laini mia na kitu zilikuwa zinapokea pesa, kidogokidogo, na watu wanazitoa kwa mawakala wa mjini. Hadi saa kumi na mbili asubuhi floti ilikuwa imejazwa mara saba. Aliyeshtuka wa kwanza ni wakala mmoja wa Mbale, aliyeona kijana yuleyule akitoa pesa kwa laini nne tofauti. Alimpigia meneja wa tawi, meneja akampigia mhusika wetu, na saa mbili kasoro kiunganishi cha mfumo wa taasisi na kampuni ya kati kikakatwa.

Hesabu ilikuwa hivi. Floti ilianza usiku ikiwa na milioni 70, ikajazwa milioni 350, ikabaki milioni 45. Miamala halali ilikuwa milioni 35. Zilizoibwa, basi, ni milioni 340. Makampuni ya simu yaliwahi kuzuia milioni 90 zilizokuwa hazijatolewa. Hasara halisi ikawa milioni 250.

Nchi ilikuwa imeshaonja jambo la namna hii. Mwezi Oktoba 2020, MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilitoa tamko la pamoja kwamba mtoa huduma wa kati amepatwa na tukio katika mfumo wake, na zikasimamisha huduma ya kuhamisha pesa kati ya benki na simu. Tukio lile lilianza tarehe 3, siku ya Jumamosi. Kila mtu wa usalama Kampala alilijadili kwa wiki kadhaa. Taasisi yetu nayo ilifanya mjadala wake, ikanunua faiawoli mpya, yaani ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao, ikaendelea kujaza floti bila kikomo.

"Andika unachotaka"

Jumatatu asubuhi mkurugenzi mtendaji alimwita mhusika wetu ofisini, akafunga mlango. "Madam, bodi inakaa baada ya siku kumi. Andika unachotaka. Safari hii hakuna wa kukukatalia."

Ili kuelewa uzito wa maneno hayo, ni lazima kujua kwamba mwaka uliotangulia aliomba shilingi milioni 900 kwa miaka mitatu, za mfumo wa kukusanya na kuchambua logi, yaani kumbukumbu za kila kinachotendeka, za seva zote mahali pamoja. Alinyimwa. Mkuu wa fedha aliandika pembeni mwa ombi neno moja tu: "Faida?" Timu yake ya watu watano ililichukulia neno hilo kama tusi, na jibu la mezani siku zile lilikuwa kwamba wahasibu wataelewa siku watakapoibiwa. Sasa wameibiwa. Naibu wake alishaitoa ile hati ya zamani, akabadilisha tarehe, akaiweka mezani kabla ya saa nne.

Njia iliyokuwa wazi mbele yake ndiyo ambayo watu wengi wa fani hii huipita. Tukio likitokea, bajeti hufunguka, na mwenye mkono mwepesi hukinga. Siwalaumu, maana bajeti ya usalama ikikataliwa miaka mitatu mfululizo mtu hujifunza kuvuna panapovunika.

Yeye hakuandika kitu siku ile. Alishuka ghorofa mbili hadi idara ya fedha, akaomba kiti pembeni ya karani anayelinganisha hesabu za floti na vitabu vya taasisi.

Karani ni dada mdogo kuliko yeye, amefanya kazi hiyo miaka minne, na hakuna mtu wa mifumo aliyewahi kuketi karibu naye. Kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi, kampuni za simu humtumia faili la miamala ya jana kwa barua pepe. Analifungua kwenye Excel, analiweka ubavuni mwa faili la taasisi, anatafuta namba za miamala zisizo na mwenzake, na hizo anazipaka rangi ya manjano. Za Jumamosi na Jumapili zinamsubiri hadi Jumatatu. "Jumatatu huwa na siku tatu mkononi, dada," alisema. "Nikimaliza ni saa tisa."

Kisha akamfungulia faili za wiki zilizopita. Kulikuwa na mistari ya manjano ya shilingi 20,000, ya 50,000, mmoja wa 5,000, iliyoanza kama wiki tatu kabla ya tukio: pesa zimetoka kwenye floti, hakuna akaunti iliyokatwa. Kwa mtu wa usalama, hiyo ni picha ya mwizi anayejaribu kitasa. Karani hakuwa na jina la kitaalamu la alichokiona, lakini alikiona, akakiripoti mara nne kwa dawati la msaada la idara ya mifumo. Ripoti zote nne zilifungwa kwa maelezo yaleyale: kasoro ya mtandao.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu, kwa sababu idara ya mifumo iliyofunga ripoti zile iliongozwa na bosi wake mwenyewe.

Kwa nini hakufunga huduma usiku

Mkaguzi wa ndani alikuwa na pendekezo jepesi: huduma ya kuhamisha pesa kwenda kwenye simu ifungwe kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mwisho wa wiki iwe na kikomo kidogo. Kiusalama halina kasoro, na ningetarajia meneja wa usalama alishike mkono.

Aliomba kwanza kwa watu wa biashara takwimu ambayo hakuwa ameiona katika miaka yake yote pale: huduma hiyo inaingiza kiasi gani, na saa ngapi. Jibu lilikuwa milioni 30 kwa mwezi baada ya kumlipa mkandarasi, yaani ile kampuni ya kati, sawa na milioni 360 kwa mwaka, na asilimia 40 ya ada hizo hutoka usiku na mwisho wa wiki. Kufunga na kubana, basi, kungeweza kugharimu hadi milioni 144 kila mwaka. Ndani ya miaka miwili taasisi ingeweza kuwa imejinyima zaidi ya hasara halisi ya usiku ule.

Lakini kwa nini usiku? Takwimu haikusema. Alipanda basi la Busia, akalala kwa mama yake, akaamka saa kumi alfajiri kwenda kwenye maegesho ya malori. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mama wa makamo anayenunua kwa wakulima wa ndani na kuuza kwa Wakenya wa ng'ambo ya mpaka, alimweleza huku akihesabu magunia: dereva hatoi lori mpaka aone pesa ya mafuta kwenye simu, wapakiaji hawainui gunia mpaka waone yao, na mwenye mahindi hutaka nusu kabla ya kupakia. Yote hayo ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja usiku, ili lori liwe la mwanzo kwenye foleni ya forodha. "Binti yangu, mkifunga usiku mimi nitahamia kwa wenzenu. Sina ugomvi. Nitahamia tu."

Na anapohama yeye, huhama na akiba yake. Mfuko wa Kulinda Amana humlipa mteja hadi shilingi milioni 10 taasisi ikifungwa, nasi washauri hupenda kulitaja hilo kama kitulizo. Yule mama hakulitaja kabisa. Anachohitaji ni pesa itoke saa kumi alfajiri.

Mwanasheria na asilimia mbili

Hili lilitokea kati ya Jumatatu na safari ya Busia, nami nalipitia haraka. Ripoti kwa Benki Kuu ilikuwa imepelekwa Jumapili ileile. Ila Jumanne ilibainika kwamba waliomwibia mkandarasi walichukua pia orodha ya majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka mwenye data atoe taarifa mara moja, nayo mamlaka ndiyo huamua kama wateja waarifiwe. Mwanasheria wa taasisi alitaka kusubiri mkandarasi amalize uchunguzi wake.

Mwanamke huyu hakubishana naye juu ya maana ya "mara moja". Alimuuliza mkuu wa fedha mapato ghafi ya mwaka ni kiasi gani. Bilioni 41. Sheria ile inaipa mahakama uwezo wa kuitoza kampuni iliyotiwa hatiani faini isiyozidi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka, na hapo ni milioni 820. Hakudai kwamba kuchelewa siku tatu kungewafikisha huko. Alisema tu kwamba hasara iliyopo ni milioni 250, na kwamba hatari ya kunyamaza, hata ikiwa ndogo, ina dari lililo juu zaidi ya mara tatu. Taarifa ilipelekwa jioni ile kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na mwanasheria ndiye aliyeiandika.

Karatasi ya kurasa mbili

Aliyoipeleka bodi ilikuwa na kurasa mbili. Nimeiona. Neno "faiawoli" halimo, wala jina la aina yoyote ya shambulio.

Ukurasa wa kwanza ni hesabu ya usiku ule kama nilivyoieleza, ukiwa na mstari mmoja wa nyongeza: iwapo floti ingeruhusiwa kujazwa mara moja tu usiku bila mtu kuidhinisha, hasara kubwa kabisa inayowezekana kwa usiku mmoja ingekuwa milioni 130, yaani milioni 80 ambazo floti haizidi, na milioni 50 za mjazo mmoja. Bila kanuni hiyo, hakuna kikomo.

Ukurasa wa pili una maombi. Kubadilisha kanuni ya kujaza floti, ili mjazo wa pili usubiri ndiyo ya ofisa wa fedha wa zamu kwa simu: milioni 15, mara moja. Programu ndogo ya kulinganisha hesabu kila saa, badala ya kila asubuhi: milioni 24. Makarani wawili wa zamu za usiku na mwisho wa wiki: milioni 36 kwa mwaka. Jumla ya mwaka wa kwanza ni milioni 75. Mwishoni kulikuwa na jambo lisilo na bei: mkataba wa kampuni ya kati ufunguliwe upya, kwa sababu kifungu cha dhima kilisema fidia yake haizidi ada ya miezi mitatu. Ada ni milioni 9 kwa mwezi. Kwa hasara ya milioni 250, mkandarasi alikuwa anadaiwa milioni 27, akazilipa bila kusumbua. Kifungu hicho kilipita mbele ya macho ya idara ya mifumo, ya manunuzi na ya sheria, na kila mmoja aliamini kwamba ni cha mwenzake.

Mwenyekiti wa bodi ni mzee aliyestaafu utumishi wa serikali, mtu wa maswali mafupi. Aliuliza: "Binti, sasa mwaka jana milioni 900 ulitaka za nini?"

"Mzee, nilitaka taa za kuona ndani ya nyumba yetu. Huyu mwizi hakuingia ndani. Alisimama kwa jirani, akatumia mlango tuliomwachia jirani. Zile taa bado nazitaka, ila zisingemwona."

Mjumbe mmoja akauliza kwa nini mwisho wa wiki uwe na makarani wakati wizi unaweza kutokea siku yoyote. Hapo akatoa mfano ambao watu wa fedha huukumbuka: Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016. Wezi walituma maagizo yao Alhamisi usiku, wakati Dhaka inaingia mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi. Dhaka inarudi kazini, New York, ambako pesa zake zilitunzwa, imelala. Na Jumatatu Manila, ambako pesa zilipelekwa, ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Walijaribu kuchukua karibu dola milioni 951 na wakaondoka na milioni 81. Walichokuwa wamekisoma vizuri kuliko wenye benki ni kalenda.

Bodi ilipitisha maombi yote kwa dakika ishirini. Mkurugenzi mtendaji, nimeambiwa, alibaki na sura ya mtu aliyefungua pochi kwa mpana kisha akaombwa nauli.

Kilichompandisha

Miezi tisa baadaye nafasi mpya iliundwa, mkuu wa hatari na usalama wa mifumo, akapewa yeye. Anaripoti kwa mkurugenzi mtendaji, na ana njia ya moja kwa moja kwa kamati ya hatari ya bodi. Vijana wengi ninaowasimulia hudhani alipandishwa kwa sababu alizuia wizi. Hakuzuia. Wizi ulikuwa umekwisha. Wengine husema ni kwa sababu aliomba kidogo, na kuomba kidogo kukawafurahisha wakubwa. Hilo nalo halitoshi. Ningeweza kuwatajia mameneja wa usalama walioomba kidogo maisha yao yote na bado wako ghorofa ya chini.

Kwa maoni yangu kilichobadilika ni nani mwenye hesabu. Ukurasa wa kwanza wa ile karatasi hakuuwasilisha yeye, bali mkuu wa fedha, yuleyule wa "Faida?", kwa sababu usiku wa kuamkia kikao waliuandika pamoja, mstari kwa mstari, kwenye kompyuta yake. Hesabu za meneja wa usalama zingepingwa na kila mjumbe mwenye kalamu. Hesabu za mkuu wa fedha zilipita. Wakati wa kuzitengeneza, mwanamke huyu alijifunza vitu ambavyo CISSP haikumfundisha kwa kina: tofauti ya gharama ya mara moja na ya kila mwaka, namna hasara inavyoandikwa vitabuni, kwa nini milioni 90 zilizozuiwa haziwezi kuhesabiwa kuwa zimerudi mpaka zirudi. Baadaye alijiandikisha kozi ya jioni ya uhasibu kwa wasio wahasibu. Ananiambia hicho ndicho cheti pekee ambacho hakukiandika kwenye wasifu wake na ndicho anachokitumia kila wiki.

Sisemi vyeti havina kazi. CISM na CRISC za ISACA, chama cha kimataifa cha wakaguzi na wataalamu wa mifumo, zinaelekea upande huu wa usimamizi, na Kampala ina tawi la ISACA lenye watu wa kujifunza kwao. Hata mwongozo wa usalama wa mtandao wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambao wengi wetu tuliusoma kama orodha ya kazi za kiufundi, katika toleo lake la 2.0 la Februari 2024 umeongezewa nguzo nzima ya utawala. Lakini cheti hukufungulia mlango wa usaili. Hakikupeleki kwenye meza ya karani wa fedha.

Cheo chenyewe kilianza hivyohivyo. Citicorp ya Marekani ilipoibiwa kupitia mfumo wake wa kuhamisha pesa mwaka 1994, ilimwajiri Steve Katz mwaka uliofuata, naye kwa kawaida huhesabiwa kuwa mkuu wa kwanza wa usalama wa habari duniani. Benki ilikuwa na mafundi tayari. Ilichokosa ni mtu wa kukaa na wateja wakubwa na kuwaeleza kwa nini pesa zao zibaki pale.

Kwetu somo hilo lilikuja kwa njia chungu zaidi. Novemba 2024 waziri wa nchi wa fedha, Henry Musasizi, alilithibitishia Bunge kwamba akaunti za serikali kwenye Benki Kuu zimeingiliwa, na magazeti yakajaa wadukuzi wa ng'ambo. Mwaka 2025 waliofikishwa Mahakama ya Kupambana na Ufisadi walikuwa maofisa wa wizara yenyewe ya fedha. Kesi ni ya mahakama, siihukumu. Ninachosema ni kwamba mtu wa usalama asiyejua jinsi hati ya malipo inavyosafiri kutoka meza hadi meza atamtafuta mdukuzi kwenye seva hata pale ambapo swali liko kwenye saini.

Gharama aliyolipa

Siku moja kabla ya kikao alikwenda kwa bosi wake, mkuu wa idara ya mifumo, akamwonyesha zile ripoti nne zilizofungwa. Katika karatasi ya bodi hakutaja aliyezifunga. Aliandika kwamba ripoti zilitolewa na hazikufika kwa timu ya usalama, jambo ambalo ni kweli. Bosi alichukia hata hivyo. Kwa miezi tisa waliyobaki pamoja walisalimiana kwenye ngazi tu. Wapo wanaosema angemtaja wazi. Mimi niko upande wake: bodi ilihitaji kujua kwamba njia ya ripoti ilikuwa na tundu, na tundu hilo lingekuwepo hata akikaa mtu mwingine kwenye kiti kile.

Nisipokubaliana naye ni kuhusu timu yake. Hakuwaambia. Naibu aliyeitoa ile hati ya milioni 900 alijua kwamba haimo siku karatasi ilipokwisha kupelekwa, tena alijua kwa kuambiwa na mtu wa manunuzi. Alikuwa fundi mzuri, wa kuajiriwa popote, na kabla mwaka haujaisha alipata kazi Kigali. Mwingine alimfuata baada ya muda. Nilipomuuliza mhusika wetu, alisema siku kumi zilikuwa chache na alihofia habari ingevuja kwa bosi. Siku kumi zilitosha kwenda Busia na kurudi. Saa moja ya kuwaketisha watu watano na kuwaonyesha mistari ya manjano isingekosekana, na pengine naibu angekuwa wa kwanza kugundua kwamba mfumo wa logi usingeuona wizi ule, kwa sababu logi za mkandarasi haziingii kwetu. Kiongozi anayejifunza lugha ya wenye pesa hushawishika kudhani kwamba lugha ya mafundi ameshaimaliza.

Mfumo wa logi ulinunuliwa mwaka uliofuata, mdogo zaidi, milioni 210 kwa miaka mitatu, ukiwa na orodha fupi ya mambo ya kuangalia iliyoandikwa na watu wa fedha na wa usalama pamoja. Mkandarasi alikubali kupandisha dhima yake hadi ada ya mwaka mzima, milioni 108, na kutuma taarifa ya kila muamala papo hapo. Alikataa kuongeza zaidi, na taasisi haikuwa na mkandarasi mwingine wa kumtishia naye.

Tangu hapo kumekuwa na jaribio moja la mwisho wa wiki, tawi la Mbarara. Karani wa zamu aliona miamala mitatu isiyo na mwenzake ndani ya saa moja, akapiga simu, kiunganishi kikakatwa. Ilipotea milioni moja na laki mbili. Huduma ilirudi kabla ya saa kumi alfajiri.

Linalomsumbua sasa ni kipimo chake cha kazi. Bodi imeamua kwamba nusu ya tathmini yake ya mwaka itegemee hasara kupungua, na nusu itegemee miamala ya simu kukua. Yeye aliupokea uamuzi huo kwa furaha. Anasema hiyo ndiyo maana halisi ya kukaa mezani. Nimemshauri aombe nusu ya pili ipunguzwe hadi robo, kwa sababu siku itafika ambapo jibu sahihi litakuwa kuzima kiunganishi saa kumi alfajiri, malori yakiwa yamejipanga, na sitaki siku hiyo awe anakumbuka marupurupu yake. Hajakubali. Mkataba wake unapitiwa upya mwezi wa sita, na mkuu wa fedha, safari hii, yuko upande wangu.